Kabla Mkopo Haujasainiwa, Nani Amewahesabu Vyura?

Chura wa Kihansi hafiki hata sentimita tatu. Ana rangi ya njano, hatagi mayai bali huzaa watoto walio hai, na makazi yake ya asili duniani kote ni hekta chache za majani zilizokuwa zikilowa usiku na mchana kwa manyunyu ya maporomoko ya Mto Kihansi, pale milima ya Udzungwa inapokatika ghafla kutoka upande wa Iringa kushuka bonde la Kilombero. Watafiti walimkuta mwaka 1996. Wakati huo Benki ya Dunia na wafadhili wenzake walikuwa wameshakubali kutoa fedha za mradi wa umeme, kazi ya ujenzi inaendelea, na michoro imeshaamua maji yatapita wapi. Maelezo yake rasmi ya kisayansi, yaliyoandikwa na jopo lililokuwa na Profesa Kim Howell wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, yalitoka wakati mitambo inakaribia kuwashwa.

Fedha kwanza, zege la pili, mnyama wa mwisho. Mpangilio huo ndio ninaotaka tuujadili, kwa sababu Nyanda za Juu Kusini zinaingia kwenye miradi mikubwa kwa kasi, huku vyuo vyetu vikiendelea kufundisha fedha, uhandisi na elimu ya wanyama kama vile ni mambo yasiyohusiana.

Kwa macho ya mhandisi, Kihansi ni mahali pa kutamanika. Mto wenyewe si mkubwa, lakini maji yakishakingwa juu na kuingizwa kwenye handaki, huanguka takriban mita 850 kabla ya kufika kwenye mashine zilizochimbiwa ndani ya mwamba. Uwezo wake ni megawati 180, na bwawa halikuhitaji kuzamisha bonde zima. Ukiliangalia shauri hilo kwa hesabu za umeme na za mkopo peke yake, ungesaini hata wewe. Tatizo halikuonekana kwenye hesabu hizo kwa sababu lilikuwa kwenye unyevu wa hewa. Maji yalipogeuzwa, kiasi kilichobaki kikipita korongoni kilipungua kwa takriban asilimia 90, manyunyu yakakata, na majani yaliyokuwa yamelowa kwa maelfu ya miaka yakaanza kukauka.

Yaliyofuata yanajulikana kwa wanaofuatilia habari za mazingira, ila sidhani tumeyatafakari vya kutosha. Mwishoni mwa mwaka 2000 vyura 499 walikamatwa na kusafirishwa hadi bustani ya wanyama ya Bronx, New York. Wengi walikufa kabla watunzaji hawajajua kiumbe huyu anataka mwanga gani, chakula gani, joto gani. Huku nyumbani, mabomba yalitandazwa korongoni: maji ya juu yanashuka kwa mteremko wake yenyewe bila pampu, yanapata msukumo njiani, kisha yanatoka kwenye vitundu vidogo kama umande juu ya majani. Vyura wakaitikia. Kufikia katikati ya mwaka 2003 makadirio yalifika karibu 20,000. Kisha, ndani ya miezi michache, wakapukutika. Mwaka 2009 Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Asili, IUCN, lilitangaza kwamba chura huyo ametoweka porini.

Hapo 2003 panahitaji tusimame kidogo. Uchunguzi ulikuta kuvu ya ngozi inayoua vyura katika nchi nyingi duniani. Watafiti wengine walitaja jambo jingine lililotokea karibu na wakati huohuo: milango ya chini ya bwawa ilifunguliwa kutoa tope lililojikusanya, na tope hilo lilikuwa na mabaki ya viuatilifu. Mpaka leo wataalamu wanajadili kila sababu ilichangia kiasi gani. Mimi naliangalia jambo lenyewe lilivyokaa. Kusafisha tope bwawani ni kazi ya kawaida ya usalama wa miundombinu, na asiyeifanya anahatarisha bwawa lake. Lakini aliyeshika gurudumu la kufungulia mlango ana sababu gani ya kujua kwamba dawa iliyopuliziwa shambani huko juu imekaa ndani ya tope hilo, na kwamba chini ya maporomoko kuna ngozi laini zinazopumua kwa kupitia maji? Hana, mpaka mtu wa viumbe awe ameandika sura nzima kwenye mwongozo wake wa uendeshaji. Na sura hiyo haiandikwi kwa siku moja baada ya mashine kuwashwa.

Mwaka 2010 vyura 100 walirudi nyumbani kwa ndege na kupokelewa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 2012 walianza kurudishwa korongoni. Leo anayeingia pale husafishiwa viatu kwa dawa ili asibebe kuvu. Kazi hii ni ya heshima kubwa, na waliozaliwa karibu na Udzungwa wana haki ya kujivunia. Ila tuihesabu gharama yake: maabara za nje, ndege, mabomba, miaka zaidi ya kumi ya ufuatiliaji. Uchunguzi wa msimu mmoja wa masika na mmoja wa kiangazi, uliofanywa kabla ya mchoro kukamilika, ungegharimu sehemu ndogo sana ya hiyo.

Najua jibu linalotolewa kila mara suala hili likitajwa. Nchi ilikuwa gizani, hospitali zilihitaji umeme, nani angesimamisha megawati 180 kwa ajili ya chura? Swali hilo ni la haki na nalichukua kwa uzito wake. Wanaokumbuka mgao wa mwaka 2006, bwawa la umeme la Mtera lilipopungukiwa maji, hawahitaji kuelezwa thamani ya Kihansi. Sisemi mradi usingejengwa. Ninachosema ni kwamba kiasi cha maji ya kuachwa yapite korongoni, mabomba ya manyunyu na utaratibu wa kutoa tope ni vitu ambavyo mhandisi angeweza kuviweka kwenye mchoro tangu mwanzo kwa bei nafuu, na mkopeshaji angeviweka kwenye masharti bila ugomvi. Vyote vilikuja baadaye, kwa haraka na kwa gharama, kwa sababu taarifa ya kiumbe ilichelewa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imefanya tathmini ya athari kwa mazingira kuwa lazima kwa miradi ya aina hii, na hilo ni jambo jema. Lakini tathmini inayofanywa na timu iliyopewa wiki chache haiwezi kumwona mnyama ambaye hakuna aliyewahi kumwandika.

Na huku kwetu wanyama wasioandikwa si hadithi za kale. Mwaka 1991, kwenye msitu wa Ndundulu katika milima ya Udzungwa, watafiti kambini waliona ndani ya sufuria miguu ya ndege wasiyemfahamu. Ndivyo kwale wa Udzungwa alivyoingia kwenye vitabu. Mwaka 2005 kamera iliyotegwa kwenye msitu huohuo ilinasa sange mwenye uso wa kijivu, na mwaka 2008 akatangazwa kuwa spishi mpya. Sange huyo ana uzito wa gramu 700 hivi na ukimwona utamdhania panya mkubwa, kumbe vinasaba vinamweka ukoo mmoja na tembo, pimbi na muhanga. Sura ya mnyama inaweza kutudanganya kabisa juu ya asili yake.

Kipunji, aina ya kima, ndiye mfano ninaoupenda zaidi, kwa sababu anaonyesha jinsi uainishaji unavyogeuka kuwa fedha. Wawindaji wa Kinyakyusa wa kuzunguka Mlima Rungwe walikuwa na jina lake muda mrefu. Ni mazungumzo nao yaliyowafanya watafiti waanze kumtafuta mwaka 2003, na muda mfupi baadaye timu nyingine ikamkuta kivyake huko Ndundulu. Mwaka 2005 alitangazwa kwa ulimwengu kwa msingi wa picha, bila mwili wa mnyama, jambo lililozua mjadala mkali miongoni mwa wanasayansi, na akawekwa kwenye jenasi ya kima wengine wa msituni. Mwaka huohuo kipunji mdogo alikutwa amekufa kwenye mtego wa mkulima karibu na Rungwe, mtego wa kulinda mazao. Vinasaba na mifupa yake vilibadilisha hesabu yote: huyu alikuwa karibu zaidi na nyani, na mwaka 2006 akapewa jenasi yake peke yake, Rungwecebus. Ilikuwa jenasi mpya ya kwanza ya kima wa Afrika kuelezwa tangu mwaka 1923.

Sensa ya kwanza ilikadiria kipunji 1,117 duniani: 1,042 upande wa Rungwe na Kitulo, 75 tu Ndundulu. Kati ya makundi hayo mawili kuna takriban kilomita 350. Uchunguzi uliofuata wa vinasaba ulionyesha kwamba wale wa Rungwe wamebeba chembe za urithi za upande wa mama zinazofanana na za nyani wa njano, dalili ya kuchanganyika kwa kale, wakati wale wa Ndundulu wako tofauti. Kwa msomaji wa kawaida hii ni habari ya maabara. Kwa mtu wa fedha inapaswa kuwa habari ya mkopo. Kama makundi mawili yana historia mbili, basi huwezi kuharibu msitu wa Ndundulu ukasema utafidia kwa kupanda miti Rungwe. Hesabu yote ya fidia ya mazingira inasimama au inaanguka hapo.

Tuliangalie hilo kwa karibu. Shirika la Fedha la Kimataifa, IFC, lina kiwango chake cha 6 cha utendaji kuhusu bayoanuwai, kinachotumika kwa sura yake ya sasa tangu mwaka 2012, na benki nyingi za kimataifa zinazokopesha miradi mikubwa hukifuata kupitia Kanuni za Equator, masharti ya mazingira na jamii ambayo benki hizo zimejiwekea kwa hiari. Kiwango hicho kinaitambua aina ya makazi iliyo nyeti kuliko zote, na miongoni mwa vigezo vyake ni kuwepo kwa spishi iliyo hatarini kutoweka au inayopatikana eneo dogo tu la dunia. Eneo likishaangukia humo, mkopaji hawezi kuendelea mpaka aonyeshe kwamba hakuna mahali pengine pa kujenga na kwamba mwisho wa yote viumbe hao watakuwa katika hali bora kuliko mwanzo. Kwa hiyo mwanafunzi wa zoolojia anayekaa msituni Uporoto akipima masikio ya mnyama na kuchukua sampuli ya damu anaandika, pengine bila kujua, kifungu cha mkataba wa mkopo utakaosainiwa miaka kumi ijayo. Asipofanya kazi hiyo, kifungu hakitakuwepo. Au kitakuja mradi ukiwa katikati, na kusimamisha mradi katikati ni hasara kwa kila mtu, kuanzia mkandarasi hadi mwananchi anayesubiri maji.

Fedha za aina hii zimeshafika nchini. Mwaka 2023 Benki ya CRDB ilitoa hatifungani ya kijani, yaani mkopo unaochukuliwa kwa wawekezaji kwa ajili ya miradi inayojali mazingira, ikitafuta shilingi bilioni 40, wawekezaji wakaleta bilioni 171.8. Mwaka 2024 Mamlaka ya Maji Tanga ilitoa hatifungani ya miaka kumi ya shilingi bilioni 53.12 kwa ajili ya miundombinu ya maji. Watu wa kawaida waliweka akiba zao humo wakiamini neno la kijani lina maana. Lina maana pale tu ambapo kuna mtu anayeweza kupima. Msitu umeongezeka au umepungua? Maji ya mto mwezi Oktoba yako vipi ukilinganisha na kabla ya mradi? Wanyama waliokuwepo wapo? Ripoti ya mwaka ya mkopaji inaweza kujaa picha za miche ya miti, na msomaji asijue kama ni miti ya asili au ni msindano uliopandwa ili uvunwe. Hapa Mufindi tunaijua vizuri tofauti ya shamba la miti na msitu. Biashara ya kaboni nayo imepata kanuni zake mwaka 2022, na Kituo cha Taifa cha Kufuatilia Kaboni kiko Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Ni ishara nzuri kwamba serikali imekabidhi kazi ya upimaji kwa chuo kikuu. Ninatamani kuona imani hiyohiyo ikipelekwa kwenye vyuo vya kusini.

Upande wa usalama nitasema machache, ingawa ndio unaoua watu. Aprili 2024 tope kutoka Mlima Kawetele lilifunika nyumba na shule katika Kata ya Itezi, jijini Mbeya, miezi michache tu baada ya maporomoko ya Hanang kuua watu zaidi ya 80 kule Katesh. Mbeya imekaa pale mabonde ya ufa ya Rukwa, Usangu na Nyasa yanapokutana. Mwaka 1910 tetemeko la Rukwa lilifikia kipimo cha takriban 7.4, moja ya makubwa kabisa kuwahi kurekodiwa Afrika Mashariki. Wakati huo hapakuwa na ghorofa, hapakuwa na bomba kuu la maji, hapakuwa na reli. Leo vyote vipo. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, inapita kati ya Mlimba na Makambako kwenye mfululizo wa madaraja na mahandaki juu ya miteremko ya udongo unaolegea kila masika. Anayechunguza mteremko huo kwa ajili ya reli na anayechunguza msitu unaoushikilia kwa ajili ya vyura wanatembea njia ileile, wanapima mvua ileile, na wote wanahitaji kujua mizizi ya mti gani inashika udongo gani. Kwa nini wasigawane gari, vipimo na takwimu?

Mtera inafundisha jambo hilohilo kwa upande wa maji. Tangu mwaka 1993 Mto Ruaha Mkuu, unaolijaza bwawa hilo, umekuwa ukikauka wakati wa kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Ugomvi wa maji wa bonde la Usangu, kati ya mkulima wa mpunga wa Mbarali, mfugaji, mtu wa hifadhi na mtu wa umeme, umedumu kizazi kizima, na kila upande umekuwa na takwimu zake. Viboko waliobanana kwenye madimbwi ya matope hifadhini na mgao wa umeme Dar es Salaam ni mambo yaliyozungumzwa kwenye vikao tofauti, na mawaziri tofauti, kwa miaka mingi.

Sasa tuje vyuoni. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, MUST, kilianza kama chuo cha ufundi mwaka 1986 na nguvu yake ni uhandisi. Mzumbe ina ndaki yake Mbeya, na inajulikana kwa mambo ya utawala na biashara. Iringa kuna Mkwawa, inayofundisha walimu wa baiolojia, na kuna Chuo Kikuu cha Iringa na Chuo Kikuu Katoliki cha Ruaha. Ukiviweka pamoja, una kila kitu kilichokosekana Kihansi wakati fedha za mradi zinaidhinishwa. Vikiwa kila kimoja peke yake, mhandisi atatetea tasnifu ya daraja bila kuulizwa mto huo una samaki gani, na mwanafunzi wa fedha atatetea tasnifu ya hatifungani ya kijani bila kukanyaga msitu. Silaumu wanafunzi. Utaratibu wa kupandisha vyeo wahadhiri humpa nafasi anayeandika ndani ya fani yake, kwa jina lake, kwenye jarida la fani yake. Kazi ya watu watatu wa fani tatu haina mahali pake pa kuhesabiwa, na isiyohesabiwa haifanywi.

Kuna na suala la hazina. Kipunji yule wa mtegoni alihifadhiwa Chicago. Alitunzwa vizuri, na bila utaalamu wa kule tusingemjua alivyo. Lakini mwalimu wa baiolojia wa Tukuyu anayetaka kuwaonyesha wanafunzi wake fuvu la mnyama aliyepewa jina la mlima wao hana pa kwenda. Kanda yenye viumbe wengi kiasi hiki inastahili makusanyo yake ya sampuli, yenye friji isiyozimika umeme ukikatika na mtu anayelipwa mshahara kuyatunza. Hilo si jengo la gharama kubwa ukililinganisha na kilomita chache za lami. Nawaomba sana wakuu wa vyuo vyetu waliweke kwenye maombi yao ya bajeti, kwa sauti moja.

Ningependa tuanze na Mto Kiwira. Mradi wa kuyaleta maji yake jijini Mbeya unahusu mto unaolishwa na misitu ya Uporoto na ya Rungwe, na hiyo ya Rungwe ndiyo misitu ya kipunji. Kila kitu cha makala haya kiko pale: chanzo cha maji kinachohitaji kuchangiwa fedha kwa miongo, bomba linalopita kwenye ardhi ya volkano na matetemeko, na mnyama asiyepatikana kokote nje ya Tanzania. Wanafunzi watatu wa uzamili, mmoja wa uhandisi, mmoja wa fedha na mmoja wa zoolojia, wanaweza kupewa mto huo mmoja, wasimamizi wao wakae jopo moja, na data zao zihifadhiwe kwenye faili moja lililo wazi kwa mamlaka ya maji na kwa mwananchi. Wa zoolojia atangulie mwaka mmoja. Wawindaji wa zamani na wakulima wa vijiji vya pembezoni mwa msitu walipwe kama wataalamu, majina yao yaandikwe kwenye ripoti wakiridhia, kwa sababu ni wao waliomjua kipunji kabla ya jarida lolote. Na mamlaka ya maji ikienda siku moja kutafuta fedha sokoni kama Tanga ilivyofanya, iwe na takwimu za miaka mitano za maji, udongo na wanyama zilizopimwa na vijana wa hapahapa, ambazo mwekezaji anaweza kuzikagua mwenyewe.